Namna ya kuandika maelezo yako ukiwa developa

Kwenye usaili wa madevelopa mimi hukaa upande wa waulizaji. Kabla ya siku yenyewe naletewa rundo la sivii, na nyingi utadhani zimeandikwa na mtu mmoja. "Mimi ni developa mwenye ari, mchapakazi, mpenda teknolojia, ninayeweza kufanya kazi peke yangu na pia na wenzangu." Chini yake msururu: Java, PHP, Python, C++, JavaScript, MySQL, kila moja na nyota nne kati ya tano. Mwisho kabisa, anavyopenda: kusoma, kusafiri, kusikiliza muziki. Nikimaliza sina hata swali moja la kumuuliza huyo mtu, na usaili usio na swali unageuka mtihani wa darasani. Hapo hafaidiki yeye wala mimi.

Ninachoeleza hapa ni namna ya kuandika ile nusu ukurasa inayokaa juu ya sivii, au LinkedIn, au GitHub (mtandao wa kuhifadhi na kuonyesha msimbo), au ile ambayo mratibu wa semina anakupigia simu kuiomba ukiwa umesimama kwenye daladala: "Dada, tutumie basi maelezo yako mafupi, leo hii." Nitatumia maelezo yangu mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa kuwa ya wenzangu hayanihusu kuyaanika. Kipimo changu ni kimoja na nitakirudia mpaka kikuchoshe: kila sentensi uliyoandika, jiulize msaili akiisoma atauliza nini. Kama hana cha kuuliza, ifute. Kama anacho, na wewe hutaki kuulizwa, ifute haraka zaidi.

Anza kwa kufuta

Sivii zetu zimerithi mambo ya fomu za zamani: tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, dini, namba ya NIDA, sanduku la posta la mjomba, halafu majina matatu ya wadhamini na namba zao za simu, ambao pengine hata hawajui wametajwa. Vyote hivyo toa. Bakiza jina, mji unaoishi, simu, barua pepe na mahali kazi zako zinapoonekana. Wadhamini watatajwa wakiombwa, na baada ya kuwajulisha.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya walitunga ya kwao 2019. Sheria hizo zinambana anayekusanya taarifa za watu, lakini faili likishatoka kwenye simu yako huna namna ya kulirudisha. Nami nikiona developa amemwaga namba yake ya NIDA kwenye barua pepe ya tangazo la kazi asilojua limetoka wapi, naanza kujiuliza taarifa za wateja wangu atazilindaje.

Zile nyota nazo zitoe. Nyota nne za Python zinapimwa na nani? Lugha hiyo aliianza Guido van Rossum kwenye mapumziko ya Krismasi ya mwaka 1989, na ningependa kumsikia yeye akijipa nyota ngapi. Bakiza lugha ulizozitumia kwenye kazi iliyofika mikononi mwa watu, na uzitaje ndani ya sentensi ya hiyo kazi. Ile uliyofuata mafunzo yake YouTube kwa wiki mbili si dhambi, ila itaje kama unayojifunza sasa.

Ulikotoka

Sentensi inayoua maelezo mengi ni hii: "Tangu utotoni nilipenda kompyuta." Wengi wetu wa umri wangu utotoni hatukuwa na kompyuta ya kuipenda. Tuliingilia milango ya pembeni. Kuna aliyeanzia stesheneri, akichapa barua za watu na kutoa kopi. Kuna aliyekuwa analinda intaneti kafe, akahesabu dakika za wateja kwenye daftari mpaka akachoka na kutafuta programu ya kuzihesabu. Kuna fundi simu aliyejifunza kufuta na kupandisha programu upya kwa sababu wateja walikuwa wanasubiri nje. Milango hiyo watu wanaificha, wakati ndiyo yenye maswali mengi kuliko digrii.

Na huo si ukoo wa Waafrika maskini tu. Grace Hopper, mmoja wa waandishi wa programu wa mwanzo, alikuwa akifundisha hisabati chuo cha Vassar, Marekani, kabla ya kujiunga na jeshi la wanamaji mwaka 1943 na kupelekwa kwenye kompyuta ya Mark I kule Harvard. Hapa kwa jirani, wazo la Ushahidi, tovuti ya kukusanya ripoti za vurugu kwenye ramani, Januari 2008, wakati Kenya inawaka baada ya uchaguzi, lilitoka kwa Ory Okolloh, mwanasheria. Wenye ufundi wa programu, David Kobia akiwamo, wakalijenga.

Mimi nilisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) kidato cha sita, kisha cheti cha uhasibu, kisha nikawa karani kwenye duka la dawa za jumla mjini Tanga. Toleo la kwanza la maelezo yangu lingeweza kuwa hivi: "Nilizaliwa Tanga, nikasomea uhasibu, baadaye nikavutiwa na teknolojia." Pima. Swali liko wapi? Kilichonivuta hakijatajwa. Sasa soma hii:

"Programu yangu ya kwanza ilikuwa jedwali la Excel la duka la dawa za jumla, Tanga: mstari uligeuka mwekundu dawa ikibakiza siku 90 kabla ya kuisha muda."

Hapa mtu anauliza. Na akiuliza, namweleza hivi. Dawa moja, tuseme amoxicillin, haiingii dukani mara moja. Inaingia kwa bechi, na kila bechi ina namba yake na tarehe yake ya kuisha. Daftari la duka lilikuwa na mstari mmoja kwa kila dawa. Mzigo mpya ukija, karani anakata idadi ya zamani na kuandika jumla mpya, na tarehe anaandika ile ya makopo yaliyoko mkononi mwake. Makopo ya bechi iliyotangulia yanasukumwa nyuma ya rafu, na kwenye daftari hayapo tena. Yanaonekana siku ya kuhesabu mali, muda umeshapita, yanatengwa yakateketezwe. Nilichofanya ni kubadili mstari: mstari mmoja kwa kila bechi, na jumla ya dawa ipatikane kwa kujumlisha mistari. Kisha nikapanga kwa tarehe, ili inayoisha mapema itoke mapema. Rangi nyekundu ilikuwa urembo wa juu tu. Kazi yote ilikuwa kuamua mstari mmoja unasimama badala ya kitu gani. Miaka baadaye mwalimu wa hifadhidata alipochora ubaoni uhusiano wa moja kwa wengi, mimi nikaona rafu ya amoxicillin.

Ukitaka kuandika sentensi yako ya namna hiyo, tafuta mtu aliyekuwa anahangaika kabla hujashika hicho kitu, kisha utafute kilichobadilika kinachoonekana kwa macho. Mambo ya ari na shauku yaache. Msomaji atayaona mwenyewe.

Kama ulipita njia iliyonyooka, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), kisha shahada ya kompyuta pale Kijitonyama au kwingineko, usijitafutie uchungu wa kubuni. Taja mradi wa mwaka wa mwisho kwa kile ulichofanya badala ya jina lake refu lililopendeza msimamizi. Na fildi usiidharau. Najua wengi mnapelekwa halmashauri mkategemee kujifunza mifumo, mnaishia kuvuta nyaya na kufuta virusi kwenye kompyuta ya afisa utumishi. Basi andika hizo nyaya. Mtu anayejua kwa nini jengo la pili lilikuwa linapoteza mtandao kila mvua ikinyesha ananivutia kuliko aliyeandika "nilipata uzoefu mkubwa".

Kazi ulizopita

Hapa ndipo penye nyama, na ndipo watu wanapoandika maneno makavu kuliko yote. Neno baya kuliko yote ni "nilishiriki". "Nilishiriki kutengeneza mfumo wa malipo ya ada kwa kutumia Laravel na MySQL." Ulishiriki kwa kufanya nini? Kununua vocha?

Naelewa linakotoka. Tumelelewa kwamba kujisifu ni aibu, na kusema "mimi" mbele ya watu wazima kunakwaruza masikio. Kwa hiyo tunajificha ndani ya "tulifanya", na msaili anabaki hajui wewe ulikuwa wapi. Dawa yake ni kuweka yote mawili kwenye sentensi moja: "Tulikuwa watatu, mimi nilishika upande wa kupokea malipo." Hapo hujawadhulumu wenzako, na wala hujajifuta.

Baada ya Tanga nilihamia Dar es Salaam, nikasoma stashahada jioni, nikaajiriwa kwenye kampuni ndogo iliyokuwa inatengeneza mfumo wa ada za shule. Mzazi anabonyeza menyu ya nyota na reli, anamchagua mtoto, analipa. Kwenye maelezo yangu nimeandika:

"Niliandika sehemu inayopokea taarifa za malipo kutoka mitandao ya simu. Taarifa moja ikija mara mbili, malipo yanahesabiwa mara moja."

Sentensi ya pili ndiyo inayonipa usaili mzima, na kwa asiyejua ni hivi. Mzazi akishalipa, mtandao wa simu unaipelekea seva yako taarifa: namba ya muamala, kiasi, namba ya kumbukumbu ya mwanafunzi. Seva yako inatakiwa ijibu kwamba imepokea. Jibu likichelewa, labda umeme umekatika au intaneti imejikunja, mtandao hauna namna ya kujua kama ulipata au hukupata, kwa hiyo unatuma tena. Seva isiyo na kinga inaandika malipo mawili. Mtoto anaonekana amelipa ada ya muhula ujao, na mhasibu wa shule anatafuta pesa ambazo hazimo benki. Kinga yenyewe ni fupi: namba ya muamala iwe ya kipekee kwenye hifadhidata, ili mstari wa pili wenye namba hiyo hiyo ukataliwe. Watu wengi wanafika hapo. Wanaposahau ni kwenye jibu. Ukiukataa mstari wa pili na kurudisha kosa, mtandao utadhani bado hujapokea na utaendelea kutuma. Inabidi uukatae ndani, huku nje unajibu kwa upole "nimepokea", kwa sababu kweli ulishapokea.

Aliyeandika "nimeunganisha M-Pesa" ameniambia kidogo sana. M-Pesa ipo Kenya tangu Machi 2007 na Tanzania tangu 2008, maelekezo ya kuunganisha yanapatikana, na kila sivii inayo hiyo sentensi. Ninachotaka kujua ni pesa ilipopotea katikati ulifanya nini. Vivyo hivyo kwa control namba, zile namba za kulipia malipo ya serikali: usiniambie ulizitengeneza, niambie jioni ulisuluhishaje orodha yako na ya benki zilipokataa kulingana.

Vitu vidogo pia vina nafasi, tena pengine kubwa zaidi. Ukurasa mmoja wa USSD, yaani ile menyu ya nyota na reli, unabeba herufi 182, na ndani yake utie salamu, jina la shule na majina ya watoto wanne wa mzazi mmoja ambao wote wanaanza na Abdul. Kukata majina hayo yasomeke na yasichanganyike ni kazi halali ya kuandikwa.

Kuna kijana mmoja alikuja kwenye usaili na sivii iliyosema tu "mfumo wa SMS wa kliniki ya wajawazito". Tulipomchimba, akaeleza kwamba wauguzi walikuwa wanajaza saa ya miadi, wanaandika 3 wakimaanisha saa tatu asubuhi, na kompyuta inaielewa saa tisa usiku. Ujumbe wa kukumbusha ukawa unaingia watu wamelala, simu zinalia, waume wanauliza nani huyo. Akabadili fomu: kwanza muuguzi achague asubuhi, mchana, jioni au usiku, ndipo ajaze saa ya Kiswahili, na mfumo ugeuze wenyewe.

"Sasa mbona hukuandika hili?" nikamuuliza.

"Dada, niliona ni jambo dogo."

Mwenzangu aliyekaa kushoto alikuwa ameshaandika jina lake kwenye karatasi na kulipigia mstari.

Mapengo sasa. Kila mtu ana mwezi au mwaka usioelezeka kirahisi, na huruma ya kweli ni kuueleza kwa ufupi. "Mkataba uliisha." "Kampuni ilifunga." Mimi nimeandika: "2019 nilikaa nyumbani kulea." Maneno matatu na tarakimu, sikuongeza kwamba pamoja na kulea nilikuwa nikifuatilia mabadiliko ya teknolojia usiku. Nilikuwa nalala. Kama mwajiri alikuwa analipa mshahara tarehe zinazotangatanga, hilo usiliweke. Huyo anayesoma atafikiria siku utakayomwandika na yeye.

Jambo moja la usalama, nalisema haraka: msimbo wa mwajiri ni wa mwajiri. Usiupandishe GitHub ili uonekane una kazi nyingi. Nikifungua na kukuta nywila ya hifadhidata imelala humo ndani, sivii nafunga. Ukitaka kuonyesha, andika upya kipande kidogo kwa taarifa za kubuni, ueleze kwamba ndivyo ulivyofanya.

Unachokipenda

Wengi wanadhani sehemu hii ni ya kujazia ukurasa. Mimi naisoma mapema, kabla ya kazi, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambayo hakuna aliyekuagiza. Ken Thompson, mmoja wa waliotengeneza mfumo endeshi wa UNIX mwaka 1969, alikuwa mtu wa sataranji, na yeye na Joe Condon wakajenga mashine ya Belle iliyotwaa ubingwa wa dunia wa sataranji ya kompyuta mwaka 1980. Donald Knuth, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta, anapiga kinanda kikubwa cha mabomba na anacho nyumbani kwake. Linus Torvalds alipotangaza kazi yake Agosti 1991 aliwaambia watu ni jambo la kujifurahisha tu. Leo kazi hiyo, Linux, imo ndani ya kila simu ya Android.

Kwa hiyo "kusikiliza muziki" ipeleke mbele hatua moja. Muziki gani, na unafanya nini nao? Kama wewe ndiye unayekaa kwenye mashine ya sauti kwaya ikiimba, au unayenakili kaseti za taarabu za marehemu bibi kuziingiza kwenye kompyuta, hiyo ni habari. Kama unasikiliza tu kwenye foleni ya Ubungo kama sisi wengine, acha.

Yangu ni bao. Nilifundishwa na babu mzaa mama, Pangani, na kwenye maelezo nimeandika: "Nacheza bao la kiswahili, na naandika programu ya kulicheza. Kinachonisumbua ni mtaji usiokoma."

Mchezaji akisoma hapo anacheka. Asiyecheza anauliza, nami namweleza: mashimo 32, kete 64, kila mmoja anaanza na kete kumi ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kutia ubaoni moja moja. Zikiisha za mkononi, mnaingia mtaji, yaani kucheza kwa kete za ubaoni tu. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, safari haijaisha; unaokota tena na kuendelea kusambaza. Kuna mipango ya kete ambayo ukiianza hiyo safari haina mwisho, inazunguka tu. Mezani hilo halina shida, watu watapiga kelele na mmoja atachoka. Kompyuta haichoki. Programu inakaa kimya, feni inapiga kelele, hakuna ujumbe wa kosa. Njia niliyoitumia ni kutunza picha ya ubao pamoja na shimo la kuokotea kila mara mkono unapookota; picha na shimo vikijirudia katika mtaji uleule, basi safari hiyo haitakoma na mtaji unazuiwa. Mipango ya kete 64 kwenye mashimo 32 ni mingi mno lakini ina kikomo, kwa hiyo kisichokoma lazima kijirudie.

Nimeandika pia kwamba mimi ni wa Coastal Union. Hiyo ipo kwa ajili ya utani, kwa sababu kila msaili anauliza ubingwa wa mwisho tuliuchukua lini, na jibu ni 1988, na baada ya hapo hata mimi mapigo ya moyo yanatulia. Simba na Yanga sikushauri kuziandika. Nusu ya meza itakuchukia kabla hujaketi.

Usibuni. Ukiandika sataranji, siku hiyo meza itakuwa na mtu wa sataranji. Ukiandika "kusoma vitabu", uwe na kitabu.

Lugha, urefu, mpangilio

Kazi nyingi za hapa zinaombwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo maneno ya kukariri yanapoingia. Andika kwanza kwa Kiswahili, kama unavyomsimulia dada yako jikoni anayeuliza hivi kazini unafanya nini hasa. Kiswahili hakikupi maficho. Ukiandika "niliboresha ufanisi wa michakato" utajisikia mwenyewe. Ukishajua ulichofanya, kipeleke Kiingereza kikiwa kifupi vilevile. Ukitaka ChatGPT ikunyooshee sarufi, sawa, lakini mwambie asiongeze kitu, kisha uhakikishe hajaongeza, kwa maana ataongeza.

Anza na unachofanya leo, ndipo urudi nyuma. Msomaji ana dakika moja, na hiyo dakika asiitumie kusoma shule ya msingi. Maneno mia na ushee yanatosha. Yangu, yakikaa pamoja, yako hivi:

"Ninaandika na kutunza mifumo ya malipo, Dar es Salaam, zaidi kwa PHP na Python. Kabla ya hapo, kwenye mfumo wa ada za shule, tulikuwa watatu. Mimi nilishika upande wa kupokea taarifa za malipo kutoka mitandao ya simu. Taarifa moja ikija mara mbili, malipo yanahesabiwa mara moja. Nilikata pia menyu za USSD zikatosha herufi 182 bila kuchanganya watoto wa mzazi mmoja. 2019 nilikaa nyumbani kulea. Nimesomea uhasibu kabla ya kompyuta: programu yangu ya kwanza ilikuwa jedwali la Excel la duka la dawa za jumla, Tanga, ambalo mstari uligeuka mwekundu dawa ikibakiza siku 90 kabla ya kuisha muda. Nacheza bao la kiswahili, na naandika programu ya kulicheza. Kinachonisumbua ni mtaji usiokoma. Coastal Union."

Ukimaliza yako, mpe mtu asiye wa kompyuta aisome mbele yako: mama mkwe, jirani, fundi cherehani. Usimweleze kitu. Sikiliza anauliza nini. Akiuliza "sasa hao mitandao wanatuma mara mbili kwa nini?", sentensi hiyo iko salama. Akisema "hongera, mwanangu" na kurudisha karatasi, kaa chini uandike tena.

Kumbukumbu ndiyo inayowaangusha watu wengi siku ya kuandika, maana kazi ya mwaka juzi haikumbukwi kwa undani. Weka daftari, au noti kwenye simu, na kila kazi inapofika kwa watumiaji andika mistari miwili: nini kilikuwa kinasumbua, ukafanya nini. Usiandike jina la mteja.

Na faili liite kwa jina lako kamili na mwaka. Zile "CV mpya FINAL ya mwisho (3)" tunaziona.